Komeo la Mpingo

Wewe unayenisikiliza, vuta kigoda ukae vizuri, maana mambo ya mbao hayaelezwi mtu akiwa amesimama. Nitakwenda polepole. Ukiona nimerudia jambo, nivumilie. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na mazoea hayo hayajanitoka.

Useremala haukuwahi kuwa kazi yangu ya mshahara. Nilijifunza utotoni Kilosa mjini, Mabwerebwere, nyuma ya nyumba yetu. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na siku zake za mapumziko alitengeneza vigoda na masanduku. Aliniachia randa nikiwa bado sijaruhusiwa kushika kisu cha jikoni. Majirani walimwuliza mtoto wa kike anafundishwa kuchonga ili iweje. Baba alisema, "Ananipunguzia kazi," akaendelea kupiga patasi. Tangu hapo, nikiwa na furaha nachonga, na nikiwa na hofu nachonga zaidi.

Hofu niliipata ya kutosha miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilipangiwa shule mpya katika kijiji kilichoanzishwa upande wa Mikumi, karibu na mbuga. Watu walikuwa wameletwa kwa malori kutoka kwenye mashamba yaliyotawanyika. Nyumba zilikuwa za miti na udongo mbichi, na nyingi zilikuwa na mkeka tu mahali pa mlango. Siku moja tuliamka tukaambiwa kwamba simba ameingia nyumba ya mwisho kabisa, amepita palepale penye mkeka, na ameondoka na mbuzi. Watu wa nyumba ile walikuwa wamelala chumba cha pili.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya bibi mmoja mjane, jirani yangu, aliyeishi peke yake. Nilimwendea asubuhi hiyohiyo.

"Shikamoo, bibi. Njoo ulale kwangu mpaka upate mlango."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshahamishwa mara moja kwa lori. Kuhamishwa tena kwa miguu sitaki."

"Na simba je?"

"Simba anitakie nini? Mifupa mitupu hii, atavunjika meno."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini niliuona mkeka wake. Ulikuwa umefungwa kwa kamba, fundo juu ya fundo.

Nilikuwa na mbao za mninga chini ya kitanda, nilizokuwa nikizikausha kwa ajili ya kabati la vitabu. Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Nikazitoa. Duka la kijiji halikuwa na misumari wala bawaba, kwa hiyo ilibidi mlango ule ushikane wenyewe. Unafanya hivi: mwisho wa ubao mmoja unachonga ulimi, ubao wa pili unautoboa tundu la kipimo kilekile, unauingiza ulimi, kisha unapitisha kijiti kigumu katikati ili usichomoke. Mahali pa bawaba, ncha mbili za ubao wa pembeni, juu na chini, zinazunguka katika matundu ya fremu. Si kazi ngumu, ni kazi ya kutulia. Siku ile kutulia ndiko kulikonishinda. Kila nikiinua macho niliona jua limesogea.

Balozi wa nyumba kumi, kiongozi wetu wa chama, alikuja kunisaidia. Mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono.

"Mwalimu, mlango bila msumari? Huo ni mlango au kikapu?"

"Shika hapo, balozi. Maneno baadaye."

"Na randa hiyo utaolewa nayo?"

"Nikiolewa nayo haitanisumbua kama wewe. Shika."

Alasiri tulisimamisha fremu na kuuingiza mlango, nikaukaza ndani ya fremu kwa kabari za muda. Nikamwambia balozi ausukume kwa bega kama simba. Alisukuma. Mlango haukufunguka, lakini fremu yote iliingia ndani pamoja na kipande cha ukuta. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nilikuwa nimejenga mlango imara katika uji.

Dawa yake ilikuwa moja: kuufikia mti. Ndani ya ukuta wa udongo mna nguzo zilizochimbiwa ardhini, na hizo hazijali ubichi. Tukabomoa udongo pande zote mbili za mlango, nikaifunga fremu kwenye nguzo kwa vijiti vya kupenya. Kina mama waliokandika ukuta ule juzi walisimama na ndoo zao za maji vichwani.

"Sisi tunakandika, mwalimu anakandua!"

"Nitakandika mwenyewe kesho."

"Wewe? Utaupiga randa ukuta?"

Likabaki komeo, ule mti wa kulala nyuma ya mlango. Balozi alileta kipande cha mpingo, kinene kuliko mkono wangu. Unajua mpingo ulivyo: ukiutupa majini unazama. Nilifurahi sana. Nikachonga vishikio viwili vya kulipokea, kila kimoja wazi juu, nikavifanya na kina kirefu ili komeo lisiruke likisukumwa. Nilililaza, balozi akasukuma kwa bega, akasukuma kwa mgongo, akakaa chini akihema. Hakuna kilichotikisika.

"Simba akiweza huu," alisema, "mpeni uenyekiti wa kijiji."

Bibi akaingia ndani. Nilimweleza alipachike upande mmoja kwanza, halafu auachie upande wa pili. Nikiwa nje nililisikia likianguka mahali pake, zito, du! Nilikwenda zangu nimetulia.

Asubuhi nilipita kumjulia hali.

"Hodi, bibi."

Nikapiga hodi tena. Nikauzunguka ukuta, nikatazama paa, nikatazama ardhi kama kuna nyayo. Hapakuwa na kitu. Nilirudi mlangoni, nikaita kwa sauti ambayo hata darasani sijawahi kuitoa.

"Usipige kelele," bibi alijibu kutoka ndani, karibu kabisa na mlango. "Nahema. Mti wako huu haunyanyuki."

Kuliangusha komeo aliweza, maana uzito wenyewe ulimsaidia. Kulitoa katika vile vishikio virefu hakuweza.

"Nyanyua upande mmoja tu, bibi."

"Nimejaribu upande mmoja, nimejaribu wa pili, ungekuwapo wa tatu ningeujaribu pia. Na fanya haraka. Mimi ni mtu mzima, nina haja zangu."

Balozi alifika mbio na shoka. Bibi alimsikia.

"Atakayegusa ukuta wangu tena, nitamsomea dua mbaya!"

Nikajaribu kufikiri haraka, maana niliona mistari ya moshi ikipenya chini ya mlango. Alikuwa amekwisha kuwasha kuni za uji. Nikawaza moto ukishika nyumba naye amefungiwa ndani.

"Bibi, kwanza mwagia moto maji. Halafu sogeza kinu karibu na mlango. Una mchi?"

"Kinu bila mchi cha nini?"

"Uegemeze mchi kwenye mdomo wa kinu, ncha yake iingie chini ya komeo. Sasa kaa juu ya mwisho wake wa pili."

"Nikae juu ya mchi?"

"Kaa, bibi."

Mti ukaguna, kisha ukaanguka sakafuni. Mlango ukafunguka. Bibi alitoka amenyooka, macho mekundu kwa moshi, akatupita sote bila salamu, akaelekea nyuma ya nyumba.

Aliporudi alinishika mkono. Wake ulikuwa baridi.

"Usiku sikumwogopa simba," alisema. "Nilipoona silinyanyui, ndipo nilipoogopa."

Siku hiyo tulikaa kivulini na vipande vyangu vyote vya mti. Nilimpa kimoja kimoja, akaviinua, akavirudisha, mpaka akapata kimoja cha mninga alichokiinua huku akiendelea kuzungumza. Hicho ndicho nilichokifanya komeo, na vishikio nikavipunguza kina.

Nimetengeneza milango mingine tangu hapo, na kila mmoja nimeuanza na wasiwasi uleule. Nawe ukitaka kumtengenezea mtu komeo, weka msumeno chini kwanza. Mpe kile kipande cha mti, mwambie akiinue kwa mkono mmoja mpaka usawa wa kifua, na akianza kuhema mtafutie chepesi zaidi.