Ng'ombe Wako Kwenye Zizi la Mwenzio

Msichana wa Babati aliyetaka ushauri wa bure kuhusu kazi na pesa alikuwa anaupata kwa Mama Cornel, na masimango juu yake. Fremu yake ya ushonaji iko nyuma ya soko, na haikaukiwi wasichana: wahudumu wa hoteli, wauza duka, walimu wapya waliopangiwa shule za Mutuka na bado hawajaonja mshahara wa kwanza. Wanakuja kupima gauni, wanaondoka wamefokewa.

"Simu ya laki nne, na kitanda huna? Kwa hiyo unalalia simu?" Au, "Huyo mpenzi anayekutunzia pesa, yeye anatunzwa na nani?" Wanacheka, wanamwita mkali, na wiki ijayo wanarudi na gauni jingine.

Jina lake la ubatizo ni Kandida. Ana miaka arobaini na mitatu na mtoto mmoja, Cornel, aliye chuoni. Mume alikwenda machimboni miaka mingi iliyopita akanogewa huko huko, na ukweli ni kwamba hilo halimnyimi usingizi. Kinachomnyima usingizi ni ng'ombe.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, akiosha vyombo hotelini, kisha akajifunza cherehani. Kila alipopata pesa ya kutosha alikwenda mnadani, akanunua mtamba, akamswaga hadi nyumbani kwao Sigino na kumwingiza kwenye zizi la baba yake. Ndivyo alivyofanya binti mwenye akili. Mjini ungemfuga wapi? Na baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa anawaita majirani waje waone. "Huyu ni wa Kandida," anasema, huku akimpiga mnyama mgongoni. Kandida alikuwa anarudi mjini akijiona ameukata. Kwa miaka kumi na moja alinunua watano, nao wakazaa. Mmoja aliuzwa kwa ada ya mdogo wake, wawili wakatolewa mahari ya kaka yake, Theodory. Hakuulizwa, na yeye hakuuliza. Si walikuwa wa nyumbani?

Baba alipofariki, zizini walikuwamo ng'ombe kumi na saba. Kwenye kikao cha ukoo baba mdogo Dominiko alisema maneno machache tu: ng'ombe waliokutwa kwenye zizi la marehemu ni wa marehemu, na wanawe wa kiume watagawana. Kandida akasimama, akasema watano na uzao wao ni wake. Akaulizwa karatasi iko wapi. Karatasi ya nini, kati ya mtu na baba yake? Akawatazama majirani walioitwa kila mara kuja kuona, nao wakatazama chini kama waliopoteza senti. Mama yake akaendelea kupanga vikombe. Theodory, aliyewachunga wale ng'ombe na kuwajua mmoja mmoja kwa jina, ndiye aliyemaliza maneno.

"Dada, wewe una mji wako kwa mumeo. Hapa unadai nini?"

Walimpa mbuzi jike mmoja na blanketi la marehemu. Mbuzi alimwacha hapo hapo, maana hakutaka wamwone anaondoka na kamba mkononi.

Kwa hiyo watu walishangaa, miaka miwili iliyopita, alipompokea Evelyne, binti mkubwa wa huyo huyo Theodory. Kandida alisema mtoto hakugawa ng'ombe wa mtu. Alimfundisha cherehani, na binti akawa na mkono mzuri kuliko wake. Kola za Evelyne zinakaa shingoni bila kubishana na mtu. Makubaliano yalikuwa chakula, mahali pa kulala, na elfu thelathini kila mwezi.

"Hizo nitakutunzia mimi," Kandida alimwambia. "Ukizishika utazimaliza kwenye nywele."

"Asante, shangazi," alisema Evelyne.

Miezi ishirini na minne. Laki saba na ishirini. Binti alikuwa ameshaiona cherehani yake dukani, ya kushona na kudarizi, na alikuwa ameshapeleleza kafremu kadogo kule Bonga. Hesabu yake yote ya kuanza maisha ilikuwa kwenye hizo pesa.

Nazo hazikuwepo. Mwenye fremu alipandisha kodi na kutaka miezi sita kwa mkupuo, Kandida akachota. Chuo kikamzuia Cornel kufanya mtihani hadi amalize ada, akachota tena. Alijiambia anakopa, na kwamba Januari, msimu wa sare za shule, atarudisha zote. Januari ilikuja na mafundi wapya watatu mtaa huo huo, ikapita. Zilibaki laki moja na nusu. Kila Evelyne alipotaja cherehani ile, Kandida alipata kazi ya haraka upande wa pili wa meza.

Jumamosi moja asubuhi Theodory akaingia na kidumu cha maziwa. Salamu hazikuwa ndefu.

"Dada, nimeona mtamba mzuri sana. Mwenyewe ana shida, anataka laki saba. Nimefikiri zile pesa za huyu mtoto, badala ya kulala, tumnunulie. Atakuwa wa Evelyne. Mimi nitamwekea tu kwenye zizi."

Evelyne alitabasamu, maskini, jinsi binti anavyotabasamu akikumbukwa na baba yake. Kandida aliliona tabasamu lile na damu ikamchemka.

"Evelyne, weka chini hilo gauni. Unisikilize." Akamweleza yote, mitamba watano, uzao, kikao, vikombe, mbuzi. Alikuwa hajawahi kumwambia. "Ng'ombe wako akiwa kwenye zizi la mwenzio, ni wa mwenzio. Siku ukimtaka utaulizwa karatasi. Chochote chako kiwe kwenye mkono wako, na kwa jina lako, na kama kiko kwa mtu, aandike na asaini mbele ya watu. Awe baba yako, awe nani."

"Dada, hayo ni mambo ya ukoo," Theodory alisema kwa sauti ya chini. "Huwezi kumwambia mtoto."

"Ndiyo namwambia!"

Alisema kweli tupu, na alisema kwa uchungu wa miaka. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine, na alikijua: kaka yake akishinda, pesa zitatakiwa leo. Hasira ilimfaa pande zote mbili. Theodory aliposhindwa na kuondoka bila hata kudai kidumu chake, Kandida alishusha pumzi kama mwizi aliyepitwa na polisi.

Evelyne alimalizia mshono, akakata uzi.

"Shangazi, nimekuelewa. Naomba na zangu nizishike mwenyewe. Hata leo."

"Zipo, mwanangu. Zikiwa kwangu si ni kama ziko kwako?"

Akajisikia akisema. Alitamani meza immeze. Angeweza kusingizia mtandao, angeweza kusema arudi Jumatatu. Wasichana aliowafokea miaka yote walikuwa wamedanganywa hivyo hivyo, na uongo wote aliujua kwa moyo. Hakuuweza.

"Ipo laki moja na nusu."

"Nyingine?"

"Kodi. Na ada ya Cornel."

"Uliniambia?"

"Hapana."

Evelyne hakulia. Kama angelia, Kandida angemkumbatia, wangelia wote, na yangeishia hapo, mambo ya nyumbani. Binti alipokea ile laki moja na nusu, akaihesabu mbele yake, akakunja nguo zake na kwenda kwa rafiki yake Scola, mhudumu wa hoteli.

Jumatatu saa tatu Kandida aliitwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti, mzee Damasi, alikuwa na karatasi mezani, na Evelyne alikuwa amekaa wima, amevaa gauni alilojishonea mwenyewe. Deni laki tano na sabini. Elfu hamsini kila mwezi. Cherehani ya pili ya fremu iwe dhamana. Binti hakusahau kitu hata kimoja. Kandida alisikiliza akitafuta kosa, akakosa. Maneno yote yalikuwa yake. Aliona fahari na aibu kwa pamoja, na aibu ilikuwa kubwa zaidi.

"Shikamoo," binti alikuwa amemwambia alipoingia, lakini macho yalibaki kwenye karatasi.

Mzee Damasi alivaa miwani. "Hapa naandika mdaiwa. Huyu ni nani wako?"

Evelyne alifikiri kidogo. "Ni mama mmoja ninayemdai."

Kandida alitaka kusema yeye ni shangazi yake, dada wa baba yake, damu moja. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshaandika, na alikuwa anamsogezea kalamu.