Simu ya Thacienne Darasani

Thacienne alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, jirani yangu wa kibanda pale sokoni Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, na kwa ubishi hakuwa na mfano. Vita viliwatenganisha yeye na mdogo wake Godelive wangali wasichana. Tangu apate simu, kila aliyemsikia anarudi Bukavu alimkabidhi namba yake. Akienda mjini, mtaa wa Biwi, kuuza magauni, aliigawa kanisani kama anayegawa peremende.

Ndiyo maana nilichukia siku mwalimu Ezechiel alipomwomba simu hiyo hiyo. Ezechiel, mtu wa Uvira, alifundisha biolojia sekondari ya kambini bila hadubini. Alikuwa amejifunza kwamba ukiweka tone la maji juu ya kamera ya simu, kitu kidogo huonekana kikubwa. Simu yake ilikuwa ya vitufe tu, haina kamera.

"We unapoteza kichwa?" nikamwambia Thacienne. "Na Godelive akipiga?"

"Si atakuta bantu mingi ba kumupokea?" akajibu, akivuta uzi. "Mi masomo yangu ilikatikaka. Ya hawa batoto isikatike."

Nikamtupia methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akacheka. Basi kila Jumanne simu ikaenda shule, naye akashona huku masikio yakiwa barabarani. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia.

Jumanne moja ya mwaka 2014, Ezechiel alinisimulia baadaye, simu ilikuwa imelazwa mezani, ngozi ya kitunguu juu ya tone, vijana wa kidato cha pili wamebanana kuona seli zilivyopangana kama matofali. Ghafla seli zikapotea, ikatokea namba ya Kongo. Akaipokea na maji yake.

"Thacienne?" mwanamke akauliza. "Mi Godelive. Unité ya simu iko naisha, sema mbio!"

"Usikate, dada! Tuko nakuleta kwake!"

Mimi nilichoona ni mwalimu anakuja mbio na viatu vyake vya kanisani, tai imeruka begani, darasa zima nyuma yake. Watu wa sokoni wakasimama wakidhani kuna msiba. Kumbe anaongea na simu: "Tunapita kisimani, dada. Sasa tuko soko. Ulisikia? Usikate!" Na vijana wanapokezana kupaza sauti, "Karibu, dada Godelive!"

Thacienne akaipokea simu kwa mikono miwili. Miaka yote nilimsikia akipanga maneno: atauliza nani alimzika baba, atauliza Godelive alilala wapi siku ile ya mabomu. Yote yakamtoka.

"Godé," akasema, "ulikula?"

 Akaitazama simu, nikajua imekatika. Kisha sauti ikatoka kwenye spika, na sote tuliisikia.

"Tangu mama akufe, hapana mutu ananiuliza vile."

Wakalia, mmoja huku na mwingine kule, mpaka vocha ikaisha.