Kadi Mbili Kwenye Msiba wa Marwa

Jamani, hili nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke niingie, na kusema kweli aibu ndiyo sehemu yake nyepesi.

Nina kibanda cha gemu Kabasa, hapa Bunda. Siku chache kabla ya haya nilikuwa nimeongeza kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu) kwenye kompyuta yangu kubwa, zikawa mbili, ingawa fundi aliniambia wazi, "Kaka, gemu za siku hizi haziitumiagi hiyo ya pili, inakaa tu inakula umeme, na pawasaplai yako, hiki kisanduku cha kuleta umeme, ni ndogo." Mimi nikamwona ana wivu.

Ndipo binamu yangu Marwa akafukiwa na kifusi mgodini Buhemba. Simu yake ilibaki huko huko chini. Video pekee anayoongea ilikuwa kwenye kompyuta yangu, aliirekodi kibandani Krismasi akimtania mama yake, na mama yake huyo, yaani shangazi yangu, akaniomba jambo moja tu: kabla hatujamzika, asikie sauti ya mwanawe.

Ningeihamishia kwenye simu, yangekwisha. Lakini mimi na sifa zangu nikabeba kompyuta nzima na skrini yake hadi Butiama, nyumbani kwa shangazi, ili watu waone picha kali. Nikachomeka kwenye jenereta ya msiba, nikaunganisha na spika za kanisa, shangazi akasogezwa mbele kwenye mkeka, katekista akanyamazisha watu, nikawasha.

Nilisahau kwamba gemu ya vita hufunguka yenyewe nikiwasha. Kadi zote mbili zikaanza kuvuma na kuwaka taa nyekundu, bunduki zikarindima kwenye spika, wazee wakalala chini, ng'ombe akakata kamba (ndiyo, yule wa kuchinjwa), na mimi nabonyezabonyeza vitufe bila mafanikio.

"Zima hicho kitu," katekista akasema kwenye maiki.

Hakukuwa na haja. Pawasaplai ilipasuka, moshi ukatoka, harufu ya plastiki iliyoungua ikatanda mpaka kwenye jeneza. Shangazi hakuelewa. Alikaa anaiangalia ile skrini nyeusi, akauliza taratibu, "Ndiyo anataka kuanza kuongea?"

Katekista akawaashiria vijana wabebe jeneza. Tukaenda kuzika.

Fundi alipoifungua alikuta kadi zote mbili nzima, hazina hata alama. Iliyoungua ni diski, ile iliyohifadhi video ya Marwa. Akaipeleka Musoma kwa mwenzake, naye akashindwa kuitoa ile video. Zile kadi nimezing'oa na sitachomeka mbili tena maisha yangu, na mtu akiniachia sauti ya mtu wake naitolea nakala kwanza ndipo nijigambe. Lakini hilo halimsaidii shangazi, ambaye kila Jumapili akitoka kanisani ananipigia, "Mwanangu, ile mashine bado haijapona?"

Nami, kwa kuwa sina moyo wa kumwambia, namjibu, "Bado, shangazi. Bado wanaihangaikia."