Aina Nne za Wacheza Dama

Huko Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, kabla ya kushuka shimoni, tulikuwa tukicheza dama. Ubao ulikuwa kipande cha mlango, kete zilikuwa vizibo vya chupa: vya mmoja vimelazwa kifudifudi, vya mwingine chali. Mimi nilikuwa mkuu wa shimo, mtu wa sekondari kati ya wengi ambao hawakusoma, na nilijiona naweza kumsoma hata binadamu.

Wachezaji niliwagawa katika aina nne. Mlafi hula kila kizibo anachotegewa. Mtoaji hutoa viwili ili ale vitatu. Msemaji hushinda kwa mdomo, akinyamaza, amekwisha. Mlinda-mlango haifungui safu yake ya nyuma mpaka alazimishwe. Hashindi sana, lakini kumshinda kunachosha.

Ulikuwa mchezo wa kupitisha muda, mimi nikaufanya mtihani. Mtoaji nilimtanguliza kuchimba, maana haogopi kupoteza. Mlafi sikumwacha peke yake na mchanga wenye dhahabu. Watu walicheka kwanza, halafu wakaniamini. Mara chache nilipatia, na hizo ndizo nilizokuwa nikizisimulia.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alikuwa Mlinda-mlango. Alikuwa mkulima wa Kabambare. Mihogo yao ilipoharibika nilimfuata kwa pikipiki nimlete machimboni, nikamwambia dada yangu nitamtunza.

Asubuhi moja ya masika alipanda juu mapema, tope limemfika kiunoni. Wenzake wawili walikuwa bado chini. Mimi nilikuwa nacheza na Msemaji.

"Shemeji, udongo iko inatoka maji. Magogo mawili yamepinda. Tutoe watu."

Msemaji akadakia: "Haya, mukwe wetu ameona nyoka tena! Jana aliona, juzi aliona. Hiyo nyoka haizeeki?"

Watu wakacheka. Mimi sikuinua hata kichwa.

"Shemeji, wewe hata kwenye dama hutoki nyumbani."

"Iko maji, nasema. Njoo uone mwenyewe."

"Basi kaa hapa na wamama wanaouza majani ya sombe. Nitatafuta mwanaume wa kushuka."

Nilikuwa na uwezo wa kusimama na kwenda kutazama. Palikuwa hatua ishirini. Sikusimama, kwa sababu nilikuwa nashinda, na kwa sababu nilikwisha kumpa jina lake na sikutaka jina hilo liwe na makosa.

Alinitazama kidogo. Akafunga taa kichwani, akashika kamba. Katika aina zangu zote nne hakukuwa na mtu anayeijua hatari, akaifuata kwa sababu ameaibishwa mbele ya wenzake.

Shimo liliporomoka kabla hatujamaliza mchezo. Wale wawili walitoka. Walisema yeye ndiye aliyewafukuza wapande, na kwamba alikuwa nyuma yao. Tulimchimbua siku mbili.

Huko Kabambare dada yangu aliniuliza swali moja tu: "Alisema nini kabla ya kushuka?"

"Hakusema kitu," nikamjibu. "Alikuwa akicheka na wenzake."

Aliubeba uongo huo kwa miaka. Wanawe aliwaambia kwamba baba yao hakuogopa. Nami nilikaa pale kwenye mkeka wake, nikila ugali wake, nikimsikia akisema hivyo.

Kiangazi kilichopita miguu yangu ilianza kuvimba, nikaona nisife na uongo huo. Nilimkuta akichambua mchele. Nikamwambia yote: maji, magogo, kicheko, maneno yangu kama nilivyoyasema.

"Na wewe ulikuwa umeketi?"

"Nilikuwa nimeketi."

Aliendelea kuchambua mpaka mchele wote ungoni ukaisha. Hakunifukuza. Jioni alinitumia chakula, na bado ananitumia. Lakini yeye, aliyeniita yaya, yaani kaka mkubwa, tangu alipojifunza kusema, sasa ananiita mzee, kama wanavyoniita wapita njia.