Fundo Lisilo na Mwenzake

Fatouma, mfumaji wa vitambaa vya wavu pale Muyinga, alikunja kitambaa cha harusi ya Layla: mafundo ya nusu zake mbili hayakulingana. Wakwe kutoka Gitega walikuwa wameshafika, na shangazi wa bwana harusi angekikunja mbele ya watu. Nusu zisipolingana, masimango hayaishi hata mtoto azaliwe.

"Tanti, tulinganishe kila fundo na kila fundo," Layla alimwambia Fatouma.

"We, utazeekea hapa. Tenga kwanza mafundo yanayotoka nyuzi tatu na yanayotoka nyuzi nne. Kisha uyagawe tena kwa kutazama mafundo yaliyoungana nayo. Litakalokosa mwenzake nusu ya pili ndilo lenye kosa."

Makundi yakagawanyika, yakagawanyika tena, hadi fundo moja likabaki peke yake. Fatouma akalifungua, akalifunga upya.

Mbele ya watu, shangazi wa bwana harusi alikunja kitambaa, akapapasa ukingo polepole.

"Mleteni mkwe wetu," akasema.