Sauti Inaendelea

Jina lake la kuzaliwa halitumiki kazini. Wanamwita Bomba, kwa sababu hawezi kueleza jambo lolote bila kuleta maji. Ukimuuliza kwa nini mpira unaganda kwenye simu yako mara tu mshambuliaji anapokaribia goli, atakuambia kamera ni mto, simu yako ni mrija wa soda, na kazi yake yeye ni kuupitisha mto kwenye mrija bila mtu kulowa. Nilipanga chumba juu ya ofisi yao kwa miezi kadhaa. Tulikuwa tunakunywa chai kwenye ngazi, naye akanipa habari hii vipande vipande. Kila mara alianzia mahali tofauti, na kila mara aliishia kwa dada yake.

Ofisi yenyewe ni vyumba viwili, feni moja na waya zinazokutega miguu. Wametengeneza programu ya kurusha matukio mubashara: unaiweka simu juu ya stendi, unabonyeza, na harusi au mkutano wako unaonekana popote penye mtandao. Kwenye kona hukaa mwanamke wanayemwita Mama Simu, mwenye droo iliyojaa simu kuukuu zenye vioo vilivyopasuka. Kazi yake ni kuijaribu programu kwenye simu ambazo watu wanazo kweli, si zile wanazotamani.

Ugumu wa kazi hiyo niliuelewa kwenye ngazi zile. Picha haitumwi nzima nzima. Ingekuwa hivyo hakuna mrija ambao ungeiweza. Kinachotumwa ni kilichobadilika tu. Ukuta uliosimama nyuma ya bwana harusi hutumwa mara moja, basi. Kinachotikisika ndicho ghali: pazia kwenye upepo, wachezaji wa ngoma, mikono ya mtu anayeongea kwa pupa. Mtandao ukizidiwa, vitu hivyo ndivyo huanza kuvurugika na kuwa miraba miraba.

Basi siku moja ofisi nzima ilikaa kuamua: mrija ukiwa mwembamba kabisa, tuue nini? Picha au sauti?

"Picha," alisema Bomba, wala hakufikiri. "Mtu akikosa picha atasikiliza kama redio. Akikosa sauti, si atabaki anatazama samaki kwenye tangi?"

Watu walicheka. Mama Simu alifumbua na kufumba mdomo kama samaki, wakacheka tena. Aliuliza kama waweke angalau swichi, mtazamaji achague mwenyewe. Bomba akasema hapana, swichi zikizidi watu huogopa. Ikapita. Mrija ukibana, programu ingesimamisha picha, ingelinda sauti, na chini ya kioo ingeandika: Mtandao ni hafifu. Sauti inaendelea.

Hapo sasa ndipo anapoingia dada yake.

Dada huyo ni kiziwi tangu kuzaliwa. Ndiye aliyemlea Bomba wakati mama yao akishinda kazini. Alimwogesha, akamlisha, akamfundisha kusema kwa mikono kabla hajajua kusema kwa mdomo. Bomba mdogo alikuwa mkalimani wake dukani na kwenye foleni ya maji. Kisha akawa kijana, akapata marafiki, na siku moja mbele yao, dada alipokuwa akimweleza jambo kwa furaha katikati ya barabara, akamwambia, "Shusha mikono. Watu wanatazama." Dada aliishusha. Tangu siku hiyo, nje ya nyumba, aliongea na mdogo wake kwa macho tu.

Dada alipata kazi kwenye kiwanda cha uchapaji. Katika kelele za mitambo ile wote ni viziwi, akawafundisha wenzake alama zake, akawa hodari kuliko wote. Aliolewa, akafiwa na mume, akabaki na binti mmoja. Binti anasikia vizuri, ila mikono yake ni ya mama yake mtupu.

Mwaka ule wa kikao cha picha na sauti, binti alimaliza chuo cha uuguzi mji mwingine, akachaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya wahitimu. Alimwandikia mama yake: nitasema kwa mdomo na kwa mikono, vyote kwa pamoja, mbele ya ukumbi mzima. Mama alishona gauni jipya. Wiki ya safari akateleza kwenye ngazi za kiwanda, mguu ukafungwa plasta.

Bomba alipokwenda kumpa pole, dada alimjibu kwa mikono akicheka: "Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sijasikia la mtu yeyote tangu nizaliwe, na guu lililovunjika ni moja tu. Nina bahati mimi!"

"Usijali, dada," Bomba alimwambia, nusu kwa mikono, nusu kwa midomo. "Chuo kinatumia programu yetu. Utamwona hapa hapa sebuleni."

"Haitakwama?"

"Nimeijenga mimi."

Siku yenyewe ilipofika alileta kompyuta, akaiunga na televisheni. Dada alivaa lile gauni, akanyoosha mguu wa plasta juu ya kigoda. Jirani yake wa mlango wa pili alikuja na watoto wake. Mambo yalikwenda vizuri: meza kuu, majoho, mkuu wa chuo akikohoa. Picha ilikuwa safi kama kioo cha saluni, na dada akampiga Bomba bega kwa fahari.

Kisha binti akaitwa. Ukumbini kila mtu akatoa simu amrekodi, wengi wakarusha hapo hapo, wote wakigombania mnara mmoja. Binti alisimama, akainua mikono. Vidole vikawa ukungu, ukungu ukawa miraba, halafu picha ikatulia kabisa, mkono mmoja ukiwa njiani kuelekea kifuani. Chini yake yakatokea yale maneno.

Sauti ilikuwa safi, kila neno na pumzi yake.

"Aa, afadhali tunasikia," alisema jirani. Baada ya muda kidogo akaanza kujifuta machozi kwa upande wa kanga.

Dada alimtazama jirani, akaitazama picha iliyosimama, akamgeukia mdogo wake. "Anasema nini?"

Bomba aliinua mikono. Binti alikuwa akieleza nyumba ambayo mapenzi hayakuwahi kupiga kelele, na wagonjwa wasioweza kusema, na jinsi alivyojifunza nyumbani kumsikiliza mtu kwa macho. Lakini mikono ya Bomba ilikuwa imebaki na maneno ya jikoni tu: njoo, kula, lala, maji, moto. Alitafuta, akachanganya, akasema: "Mama. Mzuri. Asante."

"Hayo tu?" alisema dada. "Mbona huyu analia?"

Bomba akatoka mbio hadi kibarazani, akampigia Mama Simu. "Kata sauti! Nipe picha, hata mbovu, hata nyeusi na nyeupe!"

"Kaka, siwezi. Swichi hiyo haipo, wewe mwenyewe ulikataa. Kwani nani amekwama?"

"Dada yangu. Hasikii."

 Yeye na Mama Simu walikuwa wamefanya kazi meza jirani tangu ofisi ilipofunguliwa. "Bomba," alisema Mama Simu, "sikujua una dada kiziwi."

Aliporudi ndani, ukumbi ulikuwa unapiga makofi, na binti bado ameganda na mkono wake njiani. Dada alikuwa ameacha kuuliza.

Walitafuta rekodi. Programu huhifadhi kile ilichokirusha, ili isijaze kumbukumbu ya simu ya mrushaji. Huo nao ulikuwa uamuzi wa busara. Wakati wa hotuba ilichokirusha ni sauti na picha moja. Waliokuwa wamerekodi ukumbini walikuwa na visogo vya watu na dari. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Bomba, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akitaja maji bila kufurahia.

Mama Simu hakuitisha kikao. Alitengeneza swichi mwenyewe, akaiandika Picha Kwanza, akamwekea Bomba mezani simu yenye swichi hiyo. Inafanya kazi. Watu wachache huigusa. Nayo mikono ya Bomba, kila Jumapili, huenda kwa dada kujifunza upya, na dada humkosoa bila huruma: "Unaongea kama mtoto. Mtu mzima hasemi hivyo, husema hivi."

Wiki chache baada ya mahafali binti alikuja nyumbani. Alivaa joho, akasimama sebuleni, akairudia hotuba yote kwa mikono, kuanzia mwanzo. Bomba alikuwepo, anasema hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Mama alitazama hadi mwisho, akambusu binti yake, kisha akasema:

"Maneno yako nilikuwa nayajua, mwanangu. Mimi ndiye niliyekupa. Nilitaka kuwaona watu. Nilitaka kuona mikono hii imeinuliwa mbele za watu, na watu wanaitazama. Niambie, walikutazamaje?"

Binti alimgeukia mjomba wake kwanza, kama anayeomba msaada.

"Sijui, mama," alisema binti. "Sikuwatazama. Muda wote nilikuwa naitazama kamera. Nilijua upo pale."

Dada alifikiri kidogo. Kisha akaishusha mikono yake mapajani. Safari hii hakuna aliyemwambia aishushe.