Breki ya Kushoto

Jirani yangu wa ng'ambo ya seng'enge na mimi tulikuwa tunaitana jina moja, na jina hilo lilitokana na kondoo. Nilipohamia huku nje ya Kitengela kutoka kwetu Nyeri, nikiwa mgeni hata kwa vumbi, alikuja na kondoo jike akamfunga kwenye nguzo ya lango langu. Wamaasai wakipeana kondoo, aliyetoa na aliyepewa huanza kuitana Paker, kutokana na enker, yaani kondoo. Nikawa Paker wake, naye akawa Paker wangu. Nilijiona nimepokewa. Mke wangu, ambaye hazoei watu haraka, alimwita "jirani yako" tangu siku hiyo na hakubadilisha.

Kwa hiyo alipoomba trekta langu akalime, sikuwaza mara mbili. Ni trekta kuukuu, jekundu pale palipobaki rangi, na alikaa nalo mpaka akamaliza kupanda. Alipolirudisha nilimuuliza breki zikoje, maana kulima hula breki. Trekta lina pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto na moja ya la kulia, na shambani unakanyaga moja tu ili ligeuke papo hapo ukifika mwisho wa shamba. Mtu asiye na mguu mwepesi anaweza kuzimaliza upesi.

"Ziko sawa, Paker," akasema. "Si ukanyage mwenyewe uone."

Nilipanda nikakanyaga. Pedali zote mbili zilikuwa ngumu, zimekaa usawa mmoja. Nikamsifu hata. Nilimwambia anajua kutunza kitu cha mwenyewe, naye akacheka, akaenda zake akiburuta gambuti mpya. Nilimtania kwamba siku hizi amekuwa mtu wa mjini, ameacha akala zake za tairi.

Siku chache baadaye tulikuwa tunapeleka marobota ya nyasi kwa mteja wetu ng'ambo ya korongo. Mimi naendesha, trela iko nyuma, na mke wangu ameketi kwenye madigadi ya kushoto, juu ya gurudumu, kama alivyozoea. Njia ya mkato hupita kwa jirani, na ndiye aliyetufungulia lango.

"Sopa, Paker."

"Epa," nikaitikia.

Halafu akamtazama mke wangu. "Mama, shikilia vizuri."

Kwenye mteremko wa korongo nilikanyaga breki. Nilikuwa nimeshafunga zile pedali pamoja kwa komeo lake, kama inavyotakiwa ukitoka shambani, ili magurudumu yote mawili yashike kwa pamoja. Trekta lilipinda kulia kwa nguvu, likaelekea ukingoni. Mke wangu aliruka au alirushwa, mpaka leo hatukubaliani, akaangukia kwenye mchanga wa upande wa juu, mkono ukateguka. Gurudumu la mbele lilijigonga kwenye jiwe, tukasimama. Angekuwa ameketi madigadi ya kulia, nisingekuwa hapa naandika habari za breki.

Aliinuka ameshika mkono wake.

"Huyo jirani yako amefanya nini na hii trekta?"

"Paker hawezi," nikamwambia. "Ni uzee tu. Kuna kitu kimeisha."

"Basi unionyeshe hicho kitu. Mimi sipandi tena mpaka nikione."

Nilishika spana kesho yake nikiwa wakili zaidi ya fundi. Nilikuwa natafuta kosa ambalo halikufanywa na mtu. Kwanza lile komeo: labda lilifyatuka, nikakanyaga upande mmoja bila kujua. Lilikuwa zima, limefungwa barabara. Nikalala chini nikaangalia vyuma vinavyotoka kwenye pedali kwenda kwenye magurudumu, maana kimoja kikilegea kuliko mwenzake trekta huvuta upande. Vilikuwa sawa. Hapo nilianza kukasirika, kwa sababu pedali ngumu na vyuma vilivyonyooka havina ruhusa ya kumtupa mke wa mtu mchangani.

Nikainua nyuma kwa jeki na kuweka magogo. Nilipanda, nikakanyaga breki ya kulia, nikamwomba mke wangu asukume gurudumu kwa mkono ulio mzima. Halikusogea. Nikakanyaga ya kushoto, ngumu vilevile chini ya mguu wangu, akasukuma kidogo tu, gurudumu likazunguka kama la baiskeli. Alilitazama mpaka likasimama lenyewe.

"Ni mafuta," nikasema haraka. "Mafuta ya ekseli yamevuja yakaingia kwenye laining ya breki. Huteleza. Hutokea sana."

Tulifungua gurudumu, tukalisukuma mpaka likaegemea ukuta wa zizi. Nakumbuka nikiwa napiga dramu, kile kifuniko cha chuma cha breki, kwa nyundo ili itoke, huku naomba mafuta. Sijawahi kutamani uchafu namna ile.

Dramu ilitoka. Ndani palikuwa pakavu kabisa, na hapakuwa na laining. Viatu vya breki, vile vyuma vinavyobeba laining, vilikuwa vimetolewa vyote na springi zake. Mahali pake palikuwa na soli ya akala, imekunjwa, ikafungwa kwa waya, ikabanwa pale ambapo chuma kinachosukuma viatu hivyo kingeigonga na kusimama. Ilikatwa kwa kipimo. Mtu alikaa akapunguza raba kidogo kidogo, akajaribu pedali, akapunguza tena, mpaka ikalingana na ya kulia.

Na soli yenyewe niliijua. Tairi iliyoizaa ilikuwa na kovu la kukingama, na kovu hilo nilikuwa nalisoma kwenye vumbi la lango langu kila asubuhi alipokuja kuchota maji kwetu. Mke wangu naye alilijua. Aliingia ndani, na ningeona afadhali angenicheka.

Nilikwenda kwenye seng'enge nikiwa nimeishika. Paker alikuwa na mbuzi wake. Alipoiona hakujifanya.

"Breki ilishika ikakataa kuachilia, Paker. Nikatoa hizo vitu za ndani ndio nimalize kulima."

"Na hii?"

"Pedali ilikuwa inaanguka mpaka chini. Ungejua."

"Ungeniambia tu. Tungetengeneza pamoja."

"Ungeninyima," akasema. "Na nilikuwa na shamba haijaisha."

Hata hilo ningelimeza. Raba ni raba, na mtu mwenye mbegu ghalani na mvua juu anaweza kufanya ujinga. Lakini kuna jambo lilikuwa halijanitoka tangu nilipoitoa ile dramu.

"Ulimwambia mama ashikilie vizuri," nikasema. "Kwa nini?"

Alitazama gambuti zake. Nilisubiri, kwa sababu bado nilitaka anidanganye, aseme ni salamu tu.

"Nilijua wewe huendesha pole pole," akasema.

Nilirudi nyumbani. Siku ile alifungua lango, akatuhesabu mimi na mke wangu, akijua breki haipo, kisha akaliacha trekta lipite. Niliumia kama mtoto, na sioni aibu kusema hivyo.

Mke wangu alikuwa amefunga mkono wake kwa leso. Alisema kesho tunakwenda kwa chifu, hataki maneno mengi, akachukua simu aandike mambo yote yakiwa bado mabichi.

"Jina lake nani?" akauliza. "Lile la kitambulisho."

Nilifungua mdomo, nikakuta sina. Miaka yote hiyo sikuwahi kulihitaji. Nililokuwa nalo ni Paker, na hilo ni langu pia.